Mpiga Ngoma Anayesubiri

Kompyuta iliniuliza nataka mpiga ngoma wa aina gani, nikaona huu sasa ni uchokozi.

Picha zilikuwa sita, zimepangwa safu mbili. Mmoja alivaa kofia ya sufu, mwingine alikuwa na ndevu za kuchongwa, wa tatu alikuwa dada mwenye mikono iliyojaa kunishinda. Chini ya kila picha kulikuwa na maelezo: huyu ana nguvu, huyu mpole, huyu hapendi makuu. Shangazi zangu, waliokuwa hodari wa kunitafutia wachumba, hawakuwahi kuniletea sita kwa mpigo, tena wa kubonyeza. Niliifunga ile programu nikarudi kwenye cherehani, maana kulikuwa na mapazia ya zahanati yaliyotakiwa kesho yake, na hayo hayakuwa na maswali.

Mimi mpiga ngoma nilikuwa naye. Nilifunga naye ndoa. Tulimwita Kijiti, kwa wembamba wake na kwa vijiti vya kupigia alivyotembea navyo mfuko wa nyuma hata akienda sokoni. Kwa miaka kumi na mmoja tulikuwa bendi ya watu watatu: yeye kwenye drams, mdogo wake kwenye gitaa la besi, mimi nikiimba na kupiga gitaa. Tulipiga harusini, kwenye mahafali, kwenye kumbi, popote palipokuwa na umeme na watu waliotaka kucheza. Kisha hoteli moja ya watalii, nchi ya mbali, ikatafuta mtu wa drams. Akaenda kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ukazaa mkataba, huo nao ukazaa mwingine. Sasa ilikuwa miaka sita, na katika hiyo nilimwona siku kumi tu, alipokuja kumzika mama yake.

Hatukujaliwa mtoto. Nyumba yetu ilijaliwa drams. Zilikaa katika chumba hiki ninachoshonea sasa, na wiki aliyoziuza ili aondoke, chumba kilibaki kikubwa mpaka kikanitisha. Nilikijaza mapazia. Watu husema nilianzisha kazi ya ushonaji kwa sababu nina jicho la vitambaa. Siwabishii.

Basi Jumapili moja akapiga simu kama kawaida. Tukaongea habari za mvua, tukaongea habari za goti la baba yangu, halafu akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo:

"Wameniletea karatasi tena, Bibie. Miaka miwili. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Unaonaje?"

Moyo uliniambia sema. Mdomo ukajibu, "Wewe ndiye uliyeko huko. Ukiona sawa, ni sawa."

"Kweli?"

"Kweli."

Ndivyo nilivyo, sitajisingizia upole. Sipendi kumwomba mtu. Nikiwa na homa siagizi maji, nayafuata mwenyewe nikishika ukuta. Kumwambia mwanamume mzima rudi nyumbani, nimechoka kula peke yangu, lilikuwa jambo lililonikwama kooni mwaka wa kwanza, na likishakwama mwaka wa kwanza, mwaka wa sita unalitoaje? Lakini simu ilipokatika nilikaa na kitambaa mapajani mpaka kikapata joto langu, nikajua nimelikoroga. Nilimtaka arudi. Nilimtaka hata kwa mambo ya kipuuzi: nilitamani kumsikia akikohoa chumba cha pili.

Ndipo nikaukumbuka wimbo. Tulikuwa na wimbo mmoja ambao hatukuwahi kuurekodi. Niliutunga mwaka aliokaribia kuondoka, tukaufanyia mazoezi miezi mingi, na kila mara tukasema wiki ijayo tutakwenda studio. Unaitwa "Chumba Hiki". Ni wimbo wa mtu anayepanga samani upya kila siku ili asijue ni nani hayupo. Nikajiambia, nikiurekodi hapa nyumbani, na ngoma zikiwa zake hasa, akausikia na kujisikia mwenyewe ndani yake, ataelewa ninachomwambia bila mimi kukisema. Zilibaki siku ishirini na tatu mwezi uishe.

Shemeji yangu, yule wa besi, siku hizi anarekodi matangazo kwenye kituo cha redio: sabuni, magodoro, taarifa za misiba. Programu za muziki anazijua kama wambea wanavyojua ndoa za watu. Baada ya kuifunga ile programu ya picha sita, nilimwambia nataka drams za ndani ya kompyuta, sikumwambia za nini. Akaja Jumatatu mchana na flashi yake, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ya kwanza hii ndiyo mfalme wao, shemeji," akasema. "Wameingia ukumbini na drams za kweli, kila ngoma wameipiga mara elfu na kurekodi. Ukisikia utadhani mtu yuko chumbani."

"Iweke."

"Haiingii. Kompyuta yako itazimia."

"Sasa unanionyesha ya nini?"

"Ujue dunia imefika wapi. Haya, ya pili. Unachagua mpigaji, unamwambia wimbo ni wa polepole, anapiga mwenyewe. Wewe unakunywa chai."

"Hiyo nimeshaiona. Wana ndevu."

Akacheka. "Basi ya tatu. Haina mbwembwe, seti ni tatu tu. Lakini unafungua kila kitu. Unakaza ngozi, unalegeza waya, unasogeza maikrofoni, unahamisha pigo moja moja. Ila itakuchosha, shemeji, nakuapia."

"Hiyohiyo."

"Ngoja basi nikuambie na ubaya wake."

"Ushasema itanichosha. Nimeshona mapazia ya ukumbi wa bunge la wanafunzi, madirisha arobaini. Iweke."

Akaiweka, akanionyesha pa kubonyeza, akaniachia na kinanda chake kidogo cha kuandikia mapigo. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kugonga, nilivaa hedifoni nikamtafuta mume wangu.

Nilianza na ngoma kubwa ya mguu. Kijiti alikuwa ameingiza sweta kuukuu ndani yake ili isivume. Ile programu ilikuwa na mahali pa kuweka mto ndani ya ngoma, nusu au mzima. Nikaweka nusu, ikavuma. Nikaweka mzima, ikafa. Nikakaa katikati hapo nikiongeza na kupunguza kidogo kidogo, mpaka ikatoa ule mlio wa kiatu kwenye ngazi ya mbao ambao nilikuwa nimelala nao miaka kumi na mmoja. Kisha ngoma ndogo ya kati. Hii ina nyaya zinazopita chini ya tumbo lake, ndizo zinazoipa mkwaruzo, na za Kijiti zilikuwa zimelegea kwa sababu skrubu ya upande mmoja ilikufa akaifunga kwa kamba ya kiatu. Nikalegeza. Programu ikaandika kwamba kulegeza zaidi ya hapo hakushauriwi. Nikazidi kulegeza. Matoazi yake yalikuwa na ufa, na humo ndani hamkuwa na toazi baya hata moja, basi nikachukua zuri nikalipunguzia mng'ao wa sauti mpaka likazeeka.

Kilichonitoa jasho ni chumba. Ukishatengeneza ngoma, inakuuliza zimepigwa wapi: kanisani, ukumbini, kwenye chumba cha mbao, kwenye gereji. Chumba chetu kilikuwa jiko zamani, kina vigae hadi nusu ya ukuta, na ngoma zilikuwa zikirudi kutoka kwenye vile vigae na ukali kidogo. Siku hizi huwezi kuusikia, mapazia yangu yameumeza mwangwi wote. Ilibidi niirudishie mashine chumba kama kilivyokuwa kabla sijakijaza. Nilichukua gereji, nikaipunguza, nikaipunguza, nikaisogeza maikrofoni ikae mlangoni, pale nilipokuwa nasimama mimi.

Siku ya nne nilibonyeza pigo moja la ngoma ya kati nikageuka kutazama nyuma. Sioni haya kulisema. Niligeuka kabisa, na shingo ikaniuma.

Nikarekodi gitaa, nikarekodi na sauti ya kuongozea tu, ile ya mwisho ningeiimba kila kitu kikishakaa. Nikaanza kuandika mapigo. Hapo ndipo mkosi ulipoanza, kwa sababu ile mashine ukigonga pigo inaliweka juu ya mstari wa hesabu kwenye kioo, barabara, na pigo linalofuata barabara, na la baada yake barabara. Mlio ulikuwa wa Kijiti lakini aliyekuwa anapiga ni karani. Nikatafuta. Nikakuta kuna kitufe kimeandikwa "Ubinadamu", kuanzia sifuri hadi mia. Nikakipeleka ishirini, mapigo yakaanza kutofautiana nguvu. Hamsini, akawa binadamu aliyekosa usingizi. Mia, akawa mtu anayeangusha sufuria. Nikakirudisha sifuri, nikaona bora karani kuliko mlevi.

Nilijua kinachokosekana. Kijiti alikuwa anachelewa. Kidogo sana, ngoma ya kati tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu nilikuwa napenda, na kitu unachokipenda kwa mtu ukikitaja anaweza kukiacha. Ile programu ilikuwa na mahali pa kuichelewesha ngoma yoyote kwa hesabu ya milisekunde. Nikaichelewesha ishirini na tano. Ikawa afadhali. Afadhali tu. Alisikika kama mtu aliyechoka, na Kijiti hakuwa akipiga kwa uchovu. Lakini zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, nikajiambia siwezi kumtengeneza mtu mzima, nitosheke na hiki.

Jumamosi shemeji akaja kupiga besi yake. Hapo sikuweza tena kuficha, nikamweleza kwamba wimbo ni wa kumtumia kaka yake. Kwa nini, sikusema, naye hakuuliza. Katikati ya kazi akaja mteja mmoja, mama mwenye salun ya pale kona, nikatoka naye nje tukachagua rangi mwanga wa jua. Nilikaa naye kama robo saa. Niliporudi, shemeji alikuwa ametabasamu mpaka magego.

"Sikiliza sasa," akasema.

Nikasikiliza. Wimbo ulikuwa umenyooka kama pazia lililotoka kupigwa pasi, na hakukuwa na mtu ndani yake.

"Umefanya nini?"

"Nimekunyooshea. Ngoma yako ya kati ilikuwa inaburuta, shemeji. Nimeyashika mapigo yote nikabonyeza nyoosha. Sekunde mbili tu."

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake, nikamwambia arudi kwenye magodoro yake, na kwamba mtu akikuachia kazi yake kiti hakijapoa hufai kuigusa. Aliweka gitaa chini, pole pole.

"Nilidhani umekosea," akasema.

"Sikukosea. Kaka yako alikuwa anachelewa."

"Kijiti?" Akakunja uso. "Kijiti hakuwa anachelewa. Mimi nimesimama kando yake miaka yote hiyo. Angekuwa anachelewa vidole vyangu vingejua."

"Alikuwa anachelewa."

"Hakuwa."

Tungebishana mpaka jioni. Bahati shemeji ni mtu asiyetupa kitu. Alitoka, akarudi na diski yake ya zamani, na ndani yake yalikuwamo mazoezi yetu, yamerekodiwa kwa kinasa kidogo tulichokuwa tukikiweka juu ya friji. Ukiyasikiliza unasikia friji kwanza, halafu sisi. "Chumba Hiki" ulikuwamo, mzima, mara moja tu. Akauingiza kwenye kompyuta, akaukuza mpaka kila pigo likaonekana kama mwiba, akachora mistari.

Tukatazama. Mapigo ya mwanzo yalikaa juu ya mistari kabisa. Nikahisi aibu inanipanda. Yaliyofuata, juu ya mstari. Ya baada yake, juu ya mstari. Kisha moja likawa nje, nyuma ya mstari, mbali kuliko nilivyodhani. Kisha yakarudi mstarini.

"Hili limechelewa," shemeji akasema.

"Na hili huku."

"Na hili." Akainamia kioo. Akacheza kipande kile tena, akakicheza tena, na mara ya tatu akainua kidole. "Hapa unavuta pumzi, shemeji. Sikiliza. Unamaliza mstari, unavuta pumzi, ndiyo anapiga. Mahali usipovuta pumzi hachelewi."

Tukapita wimbo wote. Ilikuwa hivyo. Nina pumzi fupi tangu utotoni, kifua changu hakikuwa kizuri, na mistari ya wimbo ule niliitunga mirefu kuliko uwezo wangu, ujinga wa mtunzi. Kila nilipofika mwisho wa mstari nikihangaika, mtu mmoja nyuma yangu alikuwa ameshika kijiti hewani akingoja hewa iniingie. Shemeji alikuwa akimfuata kaka yake, ndiyo maana vidole vyake havikujua.

"Alikuwa anakutazama mdomoni," shemeji akasema. Akaanza kufungasha waya zake ingawa hakuwa amemaliza. "Ndiyo maana alikuwa anakaa upande vile. Tulikuwa tunamcheka, unakumbuka? Tulidhani ni maringo."

Nilikumbuka. Nilimwomba radhi shemeji kwa yale maneno, akasema maneno gani, akaondoka.

Kuchelewesha ngoma nzima kulikuwa upuuzi, basi. Niliyaacha yote mstarini kama shemeji alivyoyanyoosha, nikaanza kuhamisha pigo moja moja, yale tu yaliyokaa baada ya pumzi. Yalikuwa arobaini na moja. Nilifanya kama ninavyopiga bandi pazia refu: shika, sogeza, sikiliza, achia. Hakuna mawili yaliyolingana, kwa sababu hakuna pumzi mbili zilizolingana. Kwenye ubeti wa mwisho, ambapo huwa nimechoka, kuna moja lililongoja mpaka mtu anaweza kudhani mpigaji amezimia. Ilinichukua asubuhi tatu. Nilipomaliza nikaimba juu yake kwa kujaribu tu, nimesimama na tepu ya kupimia shingoni, na mwisho wa mstari wa tatu nikavuta pumzi, na pigo likaningoja. Nililia kidogo. Kisha nikafunga kompyuta nikaenda kupima madirisha ya salun.

Ijumaa nikamtumia, sauti ikiwa ile ya kuongozea. Niliandika, "Usikilize ukipata nafasi." Hakuna kingine. Mwezi ulikuwa uishe Jumanne.

Jumapili simu ililia saa yake ileile. Nilikuwa nimekwisha kaa tayari, nimeoga, nimevaa na hereni, kana kwamba simu ina macho.

"Nimeusikiliza," akasema. "Bibie, sauti yako haijazeeka hata kidogo."

"Na ngoma?"

"Ngoma zina mlio mzuri sana. Umempata wapi?"

"Nani?"

"Huyo mpigaji. Mlio anao, ila mwambie ajirekebishe. Anachelewa. Angekuwa anachelewa wimbo mzima ningesema ndiyo mtindo wake. Anakwenda vizuri, halafu anasita. Anakwenda vizuri, anasita tena. Sijui anamsubiri nani."

Nilisimama. Sikuwa na pa kwenda, nilisimama tu.

"Ni wewe, Kijiti."

"Mimi nini?"

"Huyo anayepiga. Ni mashine, lakini ni wewe. Tulitoa yale mazoezi ya juu ya friji, nikaipanga mashine pigo kwa pigo. Ndivyo ulivyokuwa unapiga."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni bila suruali.

"Mimi nilikuwa napiga hivyo? Miaka yote? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa napenda."

"Ulikuwa ugonjwa ule, Bibie. Huku kiongozi wa bendi alinikalia kooni mwaka mzima. Tunavaa vidude masikioni, vinagonga, tik, tik, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji ndiye anayetufuata sisi. Akikosa pumzi ni shauri lake. Nilikuwa nafokewa mbele ya watu. Sasa nimepona. Hapa hotelini hakuna anayenishinda kwa kunyooka."

Alisema kwa fahari, na fahari hiyo alikuwa na haki nayo. Nilimwona kijana mwembamba akifokewa mbele ya watu kwa kosa ambalo mimi ndiye niliyelisababisha na kifua changu kibovu, nikamwonea huruma, na juu ya huruma hiyo nikasema lile lililonishinda miaka sita.

"Nimekutumia ili urudi. Usisaini. Nataka urudi nyumbani."

Nyuma yake nilisikia sahani zikipangwa, na mtu akiita mwenzake kwa lugha nisiyoijua.

"Nilisaini Jumatano," akasema.

"Mwezi haujaisha."

"Nilikuuliza, Bibie. Ukasema ni sawa."

"Najua nilichosema."

"Ungeniambia tu. Neno moja. Mimi nilidhani umeshazoea. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Nimekuambia. Nimekuambia kwa wimbo, dakika nne nzima."

Nilitamani kumkasirikia ikashindikana, kwa kuwa hakuna alichokosea. Aliuliza akajibiwa. Baadaye akasema, "Ningejua," akaishia hapo, nami sikumsaidia kumalizia. Halafu akatafuta cha kurekebisha, kama wanaume wanavyofanya, na sauti yake ikapata uhai.

"Nitumie bila ngoma. Nina drams nzuri hapa, na fundi wa sauti ni rafiki yangu. Nitakupigia mwenyewe, za kweli. Utakuwa wimbo wetu hasa, mimi na wewe."

Nilimtumia siku ileile. Sitadanganya, matumaini yalinirudia. Nilijiambia kwamba watu wanaweza kumfundisha mtu kunyooka mbele ya watalii, lakini akiwa peke yake, mimi nikiwa masikioni mwake badala ya ile tik, tik, na pumzi yangu ikamfikia, mkono utakumbuka. Mkono ukikumbuka, na mwenye mkono atakumbuka, na mkataba ni karatasi. Siku nne nilizungumza na wateja huku nikiwaza mkono wa mtu.

Alhamisi zikaja. Nikaziweka chini ya zile za mashine, mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Mlio wake ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichoweza kutengeneza: ngoma za maana, ukumbi mkubwa, mkono uliokomaa. Alikuwa amekuwa mpigaji bora sana, mume wangu. Nilipita yale mapigo arobaini na moja, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Yote yalikuwa juu ya mstari. Hata lile la ubeti wa mwisho. Nikasema labda macho yananidanganya, nikaimba juu yake. Mstari wa kwanza tulikwenda sawa, wa pili sawa, wa tatu nikavuta pumzi na pigo likawa limeshapita, nikalikimbilia nikalipata nikihema. Nikajaribu mara tatu. Alikuwa ndani ya chumba changu anapiga, nami nilikuwa nyuma yake nakimbia.

Nikamwandikia: "Zimefika. Umepiga vizuri sana. Asante."

Akajibu papo hapo. "Nilijua utapenda."

Kwenye ile programu kila mstari una kitufe kidogo cha kuunyamazisha. Niliweka mshale juu ya kitufe cha mstari wa Kijiti, nikauacha hapo kwa muda. Nje mteja aligonga, nikamwambia arudi baada ya nusu saa. Kisha nikabonyeza. Nikawasha maikrofoni nikaingia katikati ya mapazia, na mashine ikaanza. Nikaimba mstari wa kwanza, nikaimba wa pili, nikaimba wa tatu mpaka hewa ikaniishia, nikavuta pumzi.

Ikanisubiri.